Waya Unaozunguka Nyumba

Akiitwa kwenye nyumba yoyote ya Bunia, mji wetu wa mashariki ya Kongo, fundi wetu wa umeme hakuanza na mita, wala na sebule ambako mwenye nyumba alitaka taa ya maua. Alisalimia, akakataa kiti, akauliza, "Bafu iko wapi?" Akishaoneshwa aliingia peke yake na kufunga mlango, akakaa humo mpaka watu wa nyumbani wakaanza kutazamana. Kisha alitoka, akazunguka nyuma ya nyumba, akatafuta ukuta wa nje wa lile bafu na kugongagonga ardhi kwa kisigino. Hapo ndipo alipouliza swali lake la pili, kwa sauti ile ile ambayo angeulizia nyundo:

"Hapa chini, kuko mutu amelala?"

Mgeni akisikia alidhani mzee amerukwa na akili. Sisi wa hapa hatukucheka. Wakati wa vita watu walizikwa pale walipoangukia, au pale ambapo mtu mwenye huruma alipata nafasi ya kuchimba kabla hajaonekana. Wengi wetu tulikimbia, wengine walibaki. Tuliporudi tulikuta majirani waliobaki wanajua mambo ambayo sisi hatujui, na baina yetu ikakaa amani ya kuviziana. Tulisalimiana, tukaazimana chumvi, tukaenda kwenye harusi za watoto. Lakini kumuuliza jirani aliyebaki "nyuma ya nyumba yako kuna nini" kulikuwa sawa na kumwambia "wewe ndiye uliyeua." Swali hilo hakuna aliyethubutu kuliuliza. Aliliuliza fundi peke yake, na alijibiwa, kwa sababu hakutafuta mtu. Alitafuta mahali pa kupigilia nondo yake ya shaba, ile inayoushusha umeme ardhini.

Nami nilikuwa na haja naye, afadhali niseme mapema. Vita vilipoingia mtaani kwetu tulikimbilia Beni, na kaka yangu mkubwa akabaki kulinda nyumba. Tuliporudi, nyumba tuliikuta haina milango, na kaka hatukumkuta. Mama akakataa kufanya matanga. Alisema matanga bila kaburi ni kumzika mtu kwa mdomo, na mdomo wake hautamzika mtoto aliyemzaa. Wajomba walitoka Butembo kuja kumbembeleza, akawapikia, wakashiba, akawasindikiza hadi stendi. Mchungaji naye alikuja na biblia yake, akaondoka na ndizi. Kwa hiyo miaka yote niliyomfahamu fundi nilimtazama nikijiuliza anajua nini, na kama siku moja nitakuwa na moyo wa kumuuliza.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa mzee wa maringo, mwenye viatu vinavyong'aa hata wakati wa mvua, na kofia ambayo hakuivua mbele ya mtu yeyote ila mbele ya mama yangu. Aligombana na kila muuza vifaa sokoni. Nyama ya mbuzi ya kuchoma aliipenda kiasi kwamba aliweza kuacha nyaya zinaning'inia darini, akafuata moshi. Kanisani aliimba besi kwa sauti kubwa na kwa makosa makubwa zaidi, na kiongozi wa kwaya alipomrekebisha alihamia mstari wa mbele. Ngurumo ikipiga aliingia chini ya meza, mbele ya watu, bila aibu. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimekakamaa kwa kuungua, kwa sababu siku moja aliamini neno la mwenye nyumba aliyesema amezima, wala hakwenda kuhakikisha. Kuna nyumba ya wageni aliyoitandazia waya ambako mtu akiwasha taa ya bafuni, feni ya ukumbini inazunguka, na mpaka leo anasema ni panya.

Kubwa kuliko yote, nyumbani kwake hakukuwa na umeme bafuni. Alioga kwenye kibanda cha mabati, kwa beseni na taa ya mafuta. Nilimtania kwamba mganga hajigangi. Akanijibu, "Mganga anajua dawa yake. Ndiyo maana anaogopa."

Bafu lilikuwa dini yake ya pili. Chumba cha kulala, alisema, mtu anaingia amevaa viatu na akili. Bafuni anaingia uchi, amelowa, anasimama juu ya simenti yenye maji, na hata mwizi humhurumia mtu wa hivyo, ila umeme hauna huruma. "Kuran ni mukwe," alikuwa akituambia, akiuita umeme jinsi tunavyouita hapa kwa Kifaransa chetu. "Maji ni mama-mukwe. Weye unaonaka wapi mukwe na mama-mukwe wanaingia mu bafu moja?" Wazee walicheka sana, maana kwetu mkwe akimwona mama mkwe anakuja huacha njia. Halafu waliacha kucheka, kwa sababu yeye hakucheka.

Kwa hiyo swichi ilikaa nje ya mlango, ili mtu aiguse kabla hajalowa. Taa ilikuwa na kioo kilichobanwa vizuri ili mvuke usiingie. Soketi hakuiweka ndani hata ukimlilia. Ukitaka kunyoa kwa mashine, nenda ukanyoe sebuleni wakuone. Kiungo cha waya hakukificha kamwe kwenye ukuta wa bafu. Dushi ya kupasha maji aliipa waya wake mnene kutoka kwenye kisanduku cha umeme, usiogawana na friji wala pasi, na kisandukuni akaweka kile kidude chenye kitufe cha kujaribia, kinachokata umeme mara tu unapovujia kusikotakiwa. Mabomba ya chuma aliyafunga yote pamoja kwenye waya wa kijani na manjano unaoshuka ardhini. Huo ndio aliouita mama wa bafu.

Shangazi yangu hakuwa na dushi. Alikuwa na kile chuma cha umeme kilichojisokota kinachotumbukizwa ndani ya ndoo ya maji, na siku hiyo alikining'iniza kwenye mwiko wa ugali, akakiacha kimewaka huku akipima kwa kidole kama maji yamepata moto. Fundi aliingia, akaona. Alikwenda ukutani, akachomoa, akarudi, akamwaga ndoo nzima uani, juu ya nguo safi. Shangazi alimtukana kwa lugha tatu. "Tukana," alimwambia. "Maiti hatukanake." Walikaa mwaka mzima hawasalimiani, na shangazi akanunua chuma kingine badala ya kile alichoondoka nacho fundi.

Tena palikuwa na mfanyabiashara wa dhahabu aliyerudi kutoka Nizi akiwa na fedha na haraka, akataka televisheni bafuni, usawa wa beseni la kuogea. Fundi alikusanya bisibisi zake bila neno. Yule bwana akaita fundi mwingine, televisheni ikawekwa. Ningependa kuwaambia yaliyompata, lakini hakuna lililompata. Anaangalia mpira akiwa na povu hadi leo, na anamcheka fundi wetu hadharani. Fundi akisikia hivyo alisema tu, "Bado."

Neno hilo nililichukia. Alilisema juu ya mambo mengi.

Aliogopa sana kwa sababu ya nyaya za uongo. Wakati wa vita waporaji walichukua shaba yote waliyoweza kuibeba. Walichomoa nyaya ukutani, na nondo zile za shaba zilizopigiliwa ardhini, tunazoziita pike, walizichimbua kama mihogo. Amani iliporudi, watu walitengeneza nyumba haraka. Mafundi wa haraka walivuta waya wa kijani na manjano, wakaufikisha nyuma ya ukuta, wakaukata, wakaufukia kidogo tu. Ndani unauona, unaridhika. Nje hauendi popote.

Katika nyumba moja ya namna hiyo, upande wa uwanja wa ndege, bibi harusi alikwenda kuoga asubuhi ya pili ya ndoa yake. Dushi ilikuwa mpya, zawadi ya shangazi zake. Walimwita fundi baada ya mazishi, aje aseme ni nini. Aliuvuta ule waya wa kijani kwa mkono mmoja, ukatoka wote mchangani, mfupi. Mume alikuwa amesimama pale, anatazama. Fundi alitusimulia habari hii mara moja tu, nyumbani kwetu, kofia ikiwa mapajani. "Alinishukuru," alisema juu ya yule mume. "Sijui alikuwa ananishukuru juu ya nini."

Tangu hapo hakufunga bafu la mtu bila kupigilia pike ya kweli, ndefu kuliko yeye, mpaka kichwa chake tu kibaki nje. Waya kutoka bafuni hadi kwenye pike uwe mfupi, ulionyooka, kwa hiyo mahali pazuri ni pale pale, nyuma ya ukuta wa bafu. Na nyuma ya bafu, katika mji wetu, ndiko watu walikozikana. Huko hakuonekani kutoka barabarani, kuna maji, udongo ni laini.

Mara ya kwanza hakuuliza. Alipiga nyundo, nondo ikaingia upesi kuliko kawaida, halafu mama mwenye nyumba akatoka anakimbia, akaishika ile nondo kwa mikono yote miwili, analia, "Papa, hapana apa, hapana apa!" Fundi aliichomoa. Aliosha nondo kwa sabuni. Tangu siku hiyo aliuliza kwanza.

Nilimwona akiuliza mara nyingi, maana mji wetu si mkubwa na watu hupenda kumtazama fundi. Namna yake haikubadilika. Hakuuliza nani. Hakuuliza lini, wala ilikuwaje. Alitazama chini, aliuliza, kisha alijishughulisha na mfuko wake kama mtu asiye na haraka ya jibu. Wengine walijibu upesi, "Hapana, muzee, piga tu." Wengine walinyoosha mkono pole pole kuelekea upande mwingine wa nyumba. Fundi alisema, "Aksanti," akakunjua waya mrefu, akauzungusha nyumba nzima, akapigilia mbele, karibu na barabara. Kazi mbaya, alisema mwenyewe. Waya wa kuzunguka namna hiyo unamkera fundi yeyote. Lakini hakumpigilia mtu nondo kifuani.

Basi ikawa kwamba mzee huyu, bila kukusudia, alijua ardhi ya Bunia kuliko mchungaji na kuliko chifu. Nasi tulijua kwamba anajua. Wapo wachunguzi waliomwendea kwa upole, na gari na maji ya chupa, wakitaka awaoneshe makaburi. Aliwaonesha namna ya kufunga swichi. Wapo wengine waliomwendea bila upole, wakitaka aache kuuliza. Jiwe lilianguka juu ya bati lake wakati wa ibada, na Jumapili nyingine mbwa wake alikutwa mlangoni amekufa, bila jeraha. Aliendelea kuuliza. Nilimwambia aache, atumie maneno mengine, aseme anatafuta mwamba. Akanitazama kana kwamba nimemwambia aweke soketi bafuni. "Nikisema mwamba, watanijibu juu ya mwamba," alisema.

Kwetu alikuja pale miguu ya mama ilipoanza kukakamaa kwa baridi, na daktari akasema aoge maji ya moto. Tulitoa choo cha zamani, tukajenga bafu ndani. Fundi aliingia, akafunga mlango, akatoka, akazunguka nyuma. Mama alimfuata kwa fimbo yake. Fundi alipogonga kisigino na kuuliza, mama alijibu, "Kwangu hakuko mutu. Nilichimba mwenyewe kila mahali." Ilikuwa kweli. Alichimba uwanja wote mwezi ule tuliporudi, akisema anapanda viazi. Sikujua mpaka siku hiyo kwamba havikuwa viazi, na niliingia ndani nikalia.

Fundi alivua kofia. Pike ikapigiliwa pale pale, waya mfupi kama anavyopenda. Tangu hapo mama alimwekea sahani kila alipopita mtaani, akamtazama anavyokula, na hakumuuliza kitu. Naye alikula, akashukuru, akaenda zake. Nilikuwa nikiwaona hivyo nikitamani kuwapigia kelele wote wawili.

Kisha jirani yetu akatengeneza bafu. Ni mama mjane, muuza makayabu, samaki wa chumvi. Si wa kabila letu, naye alikuwa miongoni mwa waliobaki. Tuliporudi kutoka Beni yeye ndiye aliyetuletea moto wa kuwashia jiko. Fundi alifanya kazi kwake siku nzima. Jioni, kutoka upande wetu wa ua, niliona waya wa kijani na manjano ukitoka bafuni kwake, ukifuata msingi, ukipinda kona, ukizunguka mbele hadi barabarani.

Mama naye aliuona. Hatukwenda kuuliza. Wakati wa vita watu wengi walipita njia ile, na aliyelala pale angeweza kuwa mtoto wa yeyote. Na kama tungeuliza kwa ubaya, tungempoteza jirani, na labda si jirani peke yake, maana nyumba zilishachomwa kwa maneno madogo kuliko hayo. Miaka ikapita namna hiyo. Nilinunua makayabu kwake, nikamwuliza hali ya wajukuu, na kila nilipopokea chenji macho yangu yalikwenda kwenye ule waya. Nilimpenda yule mama na nilimwogopa. Sitaki kusema nilimchukia, lakini zipo asubuhi ambazo nilikaribia.

Halafu habari za mapigano zikaanza tena kutoka Djugu. Watu waliwasili kutoka upande wa Fataki na magodoro vichwani, wakajaa viwanja vya makanisa. Sokoni bei ya chumvi ilikuwa inauliziwa kwa kunong'ona. Mama alikuwa amedhoofika, haonji chakula kabla hajabembelezwa mara nyingi, na nilielewa kwamba tukikimbia safari hii hatarudi.

Nilimkuta fundi mbele ya duka la dawa, mchana kweupe, amekaa kwenye begi lake. Miguu ilikuwa imevimba, viatu amevifungua kamba, bado vinang'aa. Alikuwa anangoja gari la kwenda Mahagi kwa binti yake.

"Unatuacha, muzee?"

"Miguu ndiyo inaniacha. Mama yako anaoga muzuri? Ile kitufe munaifinya kila mwezi?"

Nikasema tunaifinya. Kisha nikasema, kabla moyo haujarudi nyuma, "Muzee, kwa mama wa makayabu. Ni kaka yangu?"

Hakushtuka. Alitazama barabara kama gari limechelewa. "Mi siulizaka majina."

"Najua. Lakini unajua kitu."

"Najua kitu moja tu. Batu bengi nikiuliza, wananionyesha mukono. Ule mama hakuonyesha mukono. Alikaa chini, akanifunga njia na mwili yake, akalia. Wenye wameficha mutu hawaliake vile."

"Nimuulize nini mimi? Akisikia vibaya? Unaona vile mji iko."

"Ndiyo maana uulize leo." Alikohoa, akafuta mdomo. "Usiulize nani alimuua. Ile si kazi yako ya leo. Usiulize lini. Angalia chini, uulize kama mutu anatafuta mahali ya kupitisha waya. Kiisha unyamaze. Kunyamaza ndiyo kazi yenyewe, mutoto yangu, batu hawaiwezi."

"Na kama si yeye?"

"Basi ni mutoto ya mama mwingine. Tutamulilia siye wote."

Gari likafika. Nilimsaidia kupanda, mzito, anamtukana dereva kwa sababu ya waya wa taa uliokuwa unaning'inia chini ya usukani. Hakunipungia mkono. Nilimsikia akisema na dereva bado kuhusu ule waya, gari likaondoka.

Sikupita nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa jirani, nikamkuta nyuma ya nyumba ameinama juu ya beseni, analoweka samaki watoke chumvi. Alisema karibu. Nilisimama. Nilitazama ardhi kati ya ukuta wa bafu na mgomba, mahali ambapo kwa miaka yote sikumwona akimwaga maji wala kupanda kitu, nikauliza jinsi nilivyofundishwa. Nilisema maneno yale tu, halafu nikanyamaza.

Aliwaacha samaki. Aliosha mikono kwenye maji ya chumvi, akaiosha tena kwenye maji safi, akaikausha kwa kitenge, kidole kimoja kimoja. Mbali, upande wa barabara ya Djugu, kitu kikalia mara moja, labda ni tairi.

"Mama yako," akasema mwishowe, hajanitazama, "iko na nguvu ya kutembea mpaka hapa?"

Nikajibu ndiyo. Nikarudi kwetu. Mama alikuwa kitandani, amegeukia dirisha. Nilipiga magoti nikatafuta viatu vyake chini ya kitanda, vile vya kanisa.

"Vaa, mama," nikamwambia. "Tunaenda hapa kwa jirani."